Bendera Isiyoshuka

Wiki iliyopita mama aliniomba nimsaidie kuvuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda chake, kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kula mguu wa kitanda. Tulitoa vitu kimoja kimoja. Chini ya vitenge vya harusi za watu, chini ya shuka ambazo hazijawahi kutandikwa, nilikuta maneti, kile kishikizo cha vitufe tulichokuwa tukichezea jeux, michezo ya televisheni, utotoni. Ilikuwa imeviringishwa katika kitambaa kama mtoto mchanga, na waya wake umefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Niliinusa kabla sijajua kwamba nainusa. Vumbi lililopashwa moto, plastiki, na kwa mbali chumvi ya samaki wa Kasenyi, maana tulicheza na vidole ambavyo sabuni haikuwahi kuvishinda.

"Ile usitupe," mama akasema bila kugeuka.

Sikuwa na nia ya kuitupa. Nilikaa sakafuni nikaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikaenda vyenyewe mahali pake, na bahari nzima ikarudi.

Ninyi wa rika langu mliokulia hapa Bunia mnakumbuka jeux zetu zilikuwa zipi. Zilikuwa mpira. Kila chumba kilichokuwa na televisheni na benchi kilikuwa kiwanja cha mpira, wavulana wakigombana juu ya penalti, na mechi ilipokwisha kila mtu alijua nani kashinda na nani aondoke kwenye benchi. Yetu haikuwa hivyo. Baba mdogo alipohamia Kampala alituachia mashine yake na sahani moja ya jeux ndani, ambayo ilikuwa imekwama na haikukubali kutoka hata kwa kisu cha mezani. Hivyo ndivyo tulivyopata jeux moja tu, wala hatukuichagua. Ilikuwa ya maharamia. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani.

Kaka yangu Paluku aliunganisha waya, akaomba batri ya panele ya jua isimwaibishe, akabonyeza. Pakawa na maji.

Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu aliyezaliwa ufukweni. Mimi ni mtoto wa milima. Nilizaliwa Butembo, mahali pa ukungu na udongo mwekundu, na tulipohamia Mudzipela, mtaa wa hapa Bunia, mto mkubwa kuliko yote niliyoijua ulikuwa ule unaovukwa na mbuzi wakati wa kiangazi. Ziwa liko pale chini, ndiyo, lakini sikuwa nimewahi kushuka Kasenyi. Ziwa kwangu lilikuwa samaki katika kikapu. Kumbe maji yanaweza kwenda mpaka yakakutana na mbingu. Kumbe yanapumua. Yalipanda na kushuka ndani ya televisheni yetu, kati ya kabati la vyombo na kalenda ya kanisa, na jua lilipoyapiga, mwanga wake ulicheza kwenye paji la uso la kaka yangu. Nilirudi nyuma hatua moja nisilowane.

Siku ileile mama alitufumania. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamkuta Paluku ameisogelea meli ya watu, mizinga inalia, na wanaume wa meli ile wameinua mikono.

"Unafanya nini pale?"

"Mama, ni jeux tu. Siye tuko pirate."

"Pirate njo nini?"

Paluku alifikiri kidogo, na kwa kuwa alilelewa kusema kweli akajibu, "Mwizi wa mu maji."

Mama aliutazama mwiko wake kana kwamba unaweza kumshauri. "Mu nyumba yangu? Mutoto nilibatiza, iko mwizi?"

"Iko mu televizyo tu, mama!"

"Na televizyo iko mu nyumba ya nani?"

Mama alitoa sheria yake pale pale, unga ukidondoka kutoka kwenye mwiko: tukiiba hata ndizi moja ndani ya ile mashine, ataipeleka sokoni na nyaya zake zote. Alikuwa mwanamke wa biashara, binti wa wafanyabiashara. Aliamini kwamba mkono haujui tofauti kati ya mchezo na kweli. Ukiuzoesha kunyakua, utanyakua.

Basi tukawa maharamia wasioiba. Nadhani hatukuwa na wenzetu duniani. Yeyote aliyeitengeneza jeux ile aliitengenezea mizinga na mapanga na dhahabu ya kuporwa, nasi tukaingia humo kama watoto wa Butembo wanaojua kazi moja tu: kununua mahali kulipo rahisi na kuuza mahali kulipo ghali. Tulipakia sukari. Tulipakia mbao. Na hapa ndipo uajabu wa mchezo ule uliponikamata na haujaniachia mpaka leo: haukutukataza. Hakuna sauti iliyosema tumekosea njia. Hakuna saa iliyokuwa ikihesabu. Ulituacha. Tukitaka kusimama siku nzima kutazama nyangumi, nyangumi alikuja, mkubwa kuliko kanisa, akapumua, akazama. Tukitaka kuigeuzia dhoruba kisogo, tuligeuka. Tukitaka kwenda popote, popote palikuwapo. Mtoto ambaye maisha yake yote ni nenda shule, rudi, chota maji, nyamaza wakubwa wanazungumza, mtoto huyo alipewa usukani na kuambiwa: haya.

Nimeandika vitabu tangu wakati ule, na kila ninapokaa mbele ya ukurasa mtupu ni maji yale ninayoyaona.

Lakini nisidanganye, jeux ile ilikuwa na umaskini wake. Visiwa vilifanana: mnazi, jiwe, kibanda, mnazi. Wanawake wote wa visiwani walikuwa na uso mmoja, kana kwamba bibi mmoja amezaa pwani nzima. Ukienda mbali sana upande wa machweo, ukungu ulishuka, na ukungu ulipoondoka ulikuta meli yako imegeuzwa inarudi ulikotoka, bila mtu kukuuliza. Na haikuwa na mwisho. Ulikusanya, ulijenga, ulizunguka, wala hapakutokea mtu wa kukuambia umefika. Paluku alikereka na hayo. Mimi niliyasamehe yote isipokuwa moja, nayo ilikuwa bendera.

Juu ya mlingoti wetu palikuwa na bendera nyeusi yenye fuvu. Tungeweza kubadilisha rangi ya meli, kuongeza tanga, kumvisha nahodha kofia ya manyoya. Bendera haikuwa na kitufe. Haikushuka. Nasi, na tumbo la meli limejaa sukari tuliyoinunua kwa haki, tulipokaribia vijiji vidogo vya pwani, kengele ililia. Wanawake walitupa ndoo. Watoto waliingia vibandani, milango ikafungwa, na tulipotia nanga tulikuta mchanga mtupu na ndoo imelala ubavu.

"Ni siye banakimbia?" niliuliza mara ya kwanza.

"Njo vile jeux ilitengenezwa," Paluku akasema.

Sikumwamini. Niliamini, kwa imani niliyokuwa nayo wakati ule kwa kila kitu, kwamba batri ikizimwa watu wale hutoka vibandani na kuzungumza juu yetu. Niliwaona kabisa, wameketi kuizunguka mbabula ya makaa, mmoja akisema: wale watoto wa Mudzipela wamekuja tena na hawakutupiga. Niliamini wema unahesabiwa mahali. Tukipita mara nyingi vya kutosha bila kumdhuru mtu, siku moja tutawasha mashine na kuikuta bendera imekuwa nyeupe. Kila tulipowasha, nilitazama juu ya mlingoti kabla ya kutazama bahari.

Hadithi hizo zote nilimsimulia Esperance. Esperance alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya ua wa matete, na shuleni tulikaa benchi moja, tukagawana penseli moja iliyokatwa katikati. Ukoo wao ni wa hapa Ituri tangu zamani, watu wa ng'ombe na mashamba upande wa Djugu. Shuleni tulikuwa kama ulimi na mate. Nyumbani lakini hakuwahi kuja kwetu wala mimi kwenda kwao. Tulizungumza juu ya ua. Upande wetu, kando kabisa ya matete, palikuwa na sakafu ya saruji iliyoinuka kidogo kutoka ardhini, imepasuka, ndefu na nyembamba. Mama alianika mihogo juu yake kwa sababu saruji ile ilitunza joto la jua hata baada ya mawingu. Mimi nilisogeza mihogo, nikapanda, na kichwa changu kikatokeza juu ya ua. Hapo nilisimama nikamsimulia Esperance bahari, naye alisikiliza akiwa ameinua uso, ufagio umesahaulika mkononi.

Kila mara, katikati ya dhoruba au ya nyangumi, sauti ya mama yake ilitukata kama kisu. "Esperance! Toka pale!"

Na Esperance alitoka.

"Juu ya nini hautake kuja kwetu?" nilimuuliza siku moja. "Njoo uone na macho."

"Mama anasema pale kwenu hatuendake."

"Juu ya nini?"

"Sijue. Nikiuliza ananitazama tu."

Ilikuwa vakanse kubwa, likizo ndefu ya shule, na vakanse ile ilikuwa na kitu kibaya mwishoni mwake: Esperance alikuwa anapelekwa Aru, kwa shangazi yake, kusoma sekondari huko. Tulijua sote wawili maana yake. Watu waliokwenda Aru walirudi wakiwa warefu na wenye rafiki wengine. Basi nikaweka nia moja moyoni, na sijawahi kutaka kitu vile: Esperance aione bahari kabla hajaondoka. Nilikuwa nimempa kwa maneno. Nilitaka aipokee kwa macho, ili huko Aru awe na kitu ambacho ni mimi na yeye tu tunakijua.

Ni Esperance, ambaye hakuwahi kuigusa maneti, aliyeuona ufa mkubwa wa jeux ile. Nilikuwa nimemaliza kumweleza jinsi kijiji kingine kilivyotukimbia. Aliegemea ufagio.

"Na wale bantu, mulisha kubauliza juu ya nini banakimbia?"

Nilishuka nikakimbia ndani. "Paluku, kitufe ya kuuliza njo ipi?"

Paluku alivitazama vitufe kwa uaminifu. Hiki cha kupiga mzinga. Hiki cha kuruka majini. Hiki cha kununua, hiki cha kuuza, hiki cha kuchomoa panga. "Ya kuuliza haiko," akasema.

"Jeux kubwa hivi, na kuuliza haiko?"

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, sinia limelala mapajani. Sikujua kwamba siku zote hizo, huku akijifanya hatazami, alikuwa akiikagua bahari yetu asije akatukuta tumeiba. Alisimamisha vidole.

"Nani anakimbia nani?"

Paluku alimwonyesha. Kengele ikalia, ndoo ikaanguka, milango ikafungwa. Mama aliinuka akasogea mpaka karibu na kioo, maharagwe yakimdondoka.

"Mulibaibia?"

"Hapana, mama! Sukari tunabaletea!"

"Hata siku moja?"

"Hata ndizi."

Mama alikitazama kijiji kile kitupu kwa muda mrefu, kisha akageuza kichwa polepole akatazama nje, kwenye ua wa matete. "Siye tuko hapa Mudzipela miaka yote hii," akasema, kama mtu anayejihesabia mwenyewe. "Yule mama hajaingia mu kiwanja hiki hata siku moja. Nilisema ni majivuno yake." Akaokota maharagwe yake yote, hata lililoingia chini ya kabati.

Kesho yake alijifunga kitenge cha kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Paluku alimwuliza kama afunge sukari kidogo ya kupeleka. "Hapana," mama akasema. "Nikienda na sukari, atatazama sukari." Akatoka na mikono mitupu, akazunguka kwa njia ya barabara. Mimi nilipanda juu ya saruji, kati ya mihogo, nikashikilia matete.

"Hodi, Mama Esperance."

Kuku wakapita.

"Hodi."

"Njo nani?"

"Jirani. Mama Paluku."

"Unatafuta nini?"

"Hakuna kitu nilileta, hakuna kitu natafuta. Nimekuja kuuliza."

Mama Esperance alitoka ndani akasimama kizingitini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shingo ya watu waliozoea kubeba maziwa kichwani. Hakusema karibu. "Kuuliza nini?"

"Siye tulikukosea nini?"

Yule mama alimtazama mama yangu. Kisha macho yake yaliinuka, yakavuka bega la mama, yakavuka ua, yakanifikia mimi.

"Kwanza mwambie mutoto wako ashuke pale amesimama," akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka. "Pale njo mama yangu."

Nilishuka. Nakumbuka vizuri nilivyoshuka, polepole, nikageuka nyuma kutafuta mwanamke. Nilidhani kuna mtu ameingia kiwanjani kwetu bila hodi. Nilitazama nyuma ya tangi la maji, nikatazama nyuma ya kamba ya nguo. Palikuwa na mihogo tu, imepangwa juu ya ile saruji ndefu na nyembamba, ndefu kama mtu aliyelala.

Mengine niliyasikia nimechuchumaa chini ya matete, mkono mdomoni. Nyumba yetu ilikuwa ya kaka yake Mama Esperance. Wakati wa vurugu kaka yake aliiuza haraka, kwa mtu wa kwanza aliyekuja, akaenda zake. Wapitaji waliung'oa msalaba wa mbao wa kaburi la mama yao wakapikia. Mtu wa kwanza akamwuzia wa pili, na komisioneri, dalali aliyetuletea sisi funguo, alitusifia kisima na mparachichi na saruji nzuri ya kuanikia. Ndipo kamyo yetu ya mizigo ikafika kutoka Butembo, na juma lile lile Mama Esperance aliona kwa macho yake wageni wakimwaga mihogo juu ya kifua cha mama yake. Baadaye akamwona binti yao akisimama hapo hapo na kumwita mtoto wake.

"Juu ya nini haukusema?" mama yangu alikuwa analia sasa, naisikia mpaka leo sauti ile, maana sikuwahi kumsikia mama akilia mbele ya mtu.

"Nilizani munajua. Nilizani kwenu, mu milima, njo desturi."

"Mama Esperance!"

"Nilizani."

Mihogo ile mama hakuipika wala hakuiuza. Aliitoa kipande kwa kipande, kisha akaipangusa saruji kwa viganja, akakataa ufagio. Paluku na mimi tulitumwa kukata matete. Tulifungua ua hapo hapo, upana wa mlango, ili mtu aweze kutoka kule kuja kwa mama yake bila kuzunguka barabarani kama mgeni. Fundi mmoja alitengeneza msalaba. Mama Esperance aliusimika mwenyewe. Alikaa pale mpaka kivuli cha mparachichi kikamfikia miguuni, na alipoinuka hakurudi kwao. Alikuja mlangoni kwetu, akatikisa vumbi kwenye kitenge, akasema:

"Bahari iko wapi? Mutoto wangu ananichosha masikio na bahari."

Ilikuwa siku ya mwisho kabla Esperance hajapelekwa Aru.

Nilimkalisha katikati ya benchi. Nilimpa maneti kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu. Paluku alibonyeza, na maji yakaja. Mpaka leo, nikisikia watu wakitaja neno furaha, naiona shingo ya Esperance ikinyooka. Mwanga wa maji ulicheza kwenye paji la uso wake kama ulivyocheza kwa kaka yangu.

"Yesu wangu," akasema mwishowe. "Maji yote hii ni ya nani?"

"Ya mutu hakuna," Paluku akasema.

Aliendesha vibaya sana. Tulizunguka kama kuku mwenye kizunguzungu, tukagonga mwamba, akacheka mpaka mama zetu, waliokaa kwenye viti nyuma yetu, nao wakacheka. Kisha akakiona kijiji, akaelekeza meli huko moja kwa moja, kwa moyo mweupe wa mtu asiyejua. Nilitaka kumwambia asiende. Kengele ikalia. Ndoo zikaanguka. Milango ikafungwa.

Esperance aliitazama ndoo iliyolala mchangani. "Hata mimi," akasema.

Nyuma yetu kiti kililia. Mama Esperance alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. "Iko ile kitambaa," akasema. "Ile nyeusi kule juu. Banaiona toka mbali. Muishushe."

"Haishuki, mama," Paluku akasema. "Nilijaribu vitufe vyote."

"Basi muache mashua mbali. Kule nyuma ya mulima. Muende na miguu."

"Na miguu mu maji, mama?"

"Muogelee. Mutu mwenye nia muzuri hawezi kuogopa kuloana."

Tulitazamana. Tulikuwa tukiruka majini kila siku, kwa mchezo tu, kumchokoza papa. Katika vakanse nzima hakuna aliyefikiri kwamba nahodha anaweza kuiacha meli yake. Tulikuwa tumesubiri bendera ibadilike, na kumbe ile bendera ilikuwa ya meli, haikuwa yetu. Nje wingu lilikuwa limeifunika panele, na kile kisanduku cha batri kilianza kupiga kelele zake za kuonya. "Haraka," Paluku akasema. Esperance alirudi nyuma ya rasi, akatia nanga mahali ambapo mlima uliuficha mlingoti, akabonyeza. Nahodha wetu akaruka na kofia yake ya manyoya.

Aliogelea polepole mno. Huo nao ulikuwa umaskini wa jeux ile, mtu aliogelea kana kwamba anasukuma ugali. Batri ikalia. Mama yangu alikuwa ameshika mkono wa Mama Esperance, au Mama Esperance alikuwa ameshika wa mama yangu, sijui nani alianza. Mchanga ukaja. Nahodha akasimama, maji yakimtiririka, bila meli, bila bendera, mikono mitupu, akaanza kutembea.

Kengele haikulia.

Mwanamke mmoja alikuwa kisimani na ndoo, yule mwenye uso wa wote. Esperance alimwendesha nahodha hatua kwa hatua mpaka mbele yake. Mwanamke hakutupa ndoo. Aligeuka, akatutazama sisi sote tulioketi Mudzipela, akasema maneno machache ya Kiingereza.

Kiingereza nimejifunza baadaye, nikiwa mkubwa, na mara nyingi nimejaribu kuyakumbuka maneno yale ili hatimaye nijue alisema nini. Hayarudi. Labda alitaja bei ya ndizi. Labda ni maneno yale yale anayomwambia kila mtu, maana watu wa jeux ile hawakukumbuka chochote, na tulipozima mashine hawakukaa kuizunguka mbabula yoyote. Najua hivyo sasa.

Lakini Mama Esperance hakungoja tafsiri. Alinyoosha mgongo, akaweka kitenge vizuri begani kama mtu aliyefika kwa watu, na huku batri ikilia kwa mara ya mwisho akamjibu:

"Jambo, mama. Siye tuko wazima. Mashua tumeiacha kule mbali."